Kutembea Katika Kasindi ya Zamani

Kila mara mapadri na mafratri wetu wanaporudi kutoka masomo ya Ulaya, kuna hadithi moja wasiyokosa kutuletea. Wanasema: huko Brugge, katika inchi ya Ubelgiji, mutu anaweza kuzunguka muji muzima wa zamani peke yake, bila kiongozi. Anapata karatasi moja yenye namba na picha. Anaenda kwa namba ya kwanza, anasimama, anasoma, anaangalia ukuta. Kiisha anaendelea kwa namba ya pili. Wanatusimulia juu ya munara wa Belfort, urefu wake metri 83, ngazi zake 366. Juu ya Kanisa la Damu Takatifu. Juu ya mifereji ya maji inayopita kati ya nyumba. Nasi tunawasikiliza kwa furaha, maana kujua mambo ya watu wengine ni faida.

Lakini tunapowauliza: Je, umeshuka Kasindi mara ngapi? wanajibu: Mara nyingi, kuchukua piki-piki, kupokea muzigo, kupita kwenda Kampala. Na umeona nini huko? Wanacheka: Malori na vumbi! Njo maana tumependa kuandika karatasi hii, kusudi mwana wa Beni ao wa Butembo mwenye kushuka Kasindi akiwa na nafasi ya siku moja ao mbili aweze kutembea na kujua mahali anapokanyaga.

Tuseme jambo moja tangu mwanzo. Mawe ya Brugge yanasema yenyewe. Kasindi haina mawe ya namna ile. Watu wa zamani walijenga kwa miti na majani, na hata vitu vya serkali ya kwanza vya Wazungu havikudumu. Basi musafiri wa hapa anapashwa kubeba habari kichwani mwake, kiisha kuziweka yeye mwenyewe juu ya udongo anaouona. Tena, mbele ya kuondoka aulize hali ya usalama kwa wale wanaoijua njia siku ile. Na nje ya muji, katika ile mbuga inayokwenda kwa ziwa, asiingie bila ruhusa na walinzi wa Parki. Kwa hiyo safari yetu ni ya miguu ndani ya muji, na ya gari nje yake.

Tunaanza kwa daraja. Muto ni Lubiriha; katika maandiko ya Wazungu utausoma Lubilia. Unatoka juu katika milima ya Rwenzori na kuteremka mpaka ziwa. Si muto mukubwa. Asiyejua angesema: kama ni huu njo mupaka wa inchi mbili, basi waliouchagua hawakuwa na kitu kingine mikononi. Na kweli, ginsi tutakavyoona, alikuwa karibu na ukweli.

Simama hapo asubuhi na uangalie. Ngambo ile ni Mpondwe ya Uganda. Saa yako ya mukono ikisema saa mbili, saa ya askari wa ngambo inasema saa tatu, maana sisi wa mashariki ya Kongo tuko nyuma yao kwa saa moja nzima. Gari lililokuja upande wa kushoto wa njia linapashwa kuhamia kuume. Pesa inageuka, bendera inageuka, lugha ya karatasi inaacha Kiingereza na kushika Kifaransa. Lakini sikiliza wamama wanaopita na vikapu vyao! Huyu wa ngambo anaitwa Mukonjo, huyu wa kwetu anaitwa Munande, na wanabishana juu ya bei pasipo mutafsiri, maana ni lugha moja na ukoo mumoja. Wengi wao siku hizi wanapenda kujiita Wayira, jina moja kwa wote.

Namna gani watu wamoja walipata kuwa pande mbili? Habari hii inaanza mbali sana na hapa. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mufalme Leopold II, aliyekuwa bwana wa ile Dola Huru ya Kongo, walifanya mapatano. Walikamata karata na kusema: mupaka wetu katika sehemu hii utafuata mustari wa digri 30, upande wa mashariki. Katika karata mustari ule ni mwembamba na safi. Lakini hapa chini hakuna mutu aliyekuwa amepima mahali unapopita. Ilikuwa sawa na wandugu wawili wanaogawanya shamba la baba gizani.

Kwa miaka kumi na zaidi kila serkali ilikaa mahali ilipodhani kuwa pake. Waingereza walikuwa Katwe, ambako Kapteni Lugard alijenga boma lake, Fort George, mwaka 1891. Watu wa Leopold waliweka posta yao Kasindi. Hatimaye, mwaka 1907 na 1908, wapimaji wa pande zote mbili walikuja na vyombo vyao vya kutazama nyota. Na walipomaliza hesabu, ikaonekana jambo la kuchekesha: mustari wa kweli wa digri 30 unapita mashariki ya Katwe, na mashariki ya vilele vya Rwenzori. Maana yake, kwa neno la mapatano, mulima muzima na chumvi ya Katwe vilikuwa vya Kongo!

Waingereza hawakukubali kuacha vitu walivyokwisha kushika. Wakazungumza tena huko Bruxelles, na tarehe 14 Mei 1910 wakapatana kuacha mustari wa nyota na kufuata milima na mito. Mupaka ukashuka kutoka kilele cha Margherita, ukafuata vijito mpaka Lubilia, ukaingia katika ziwa. Waingereza walibaki na Katwe na nusu ya mulima. Wabelgiji walipata sehemu ya ukingo wa Ziwa Albert kule Mahagi. Maneno ya mwisho yalitiwa mukono mwaka 1915. Hivyo muto ambamo watu walikuwa wakichota maji ukageuka mupaka. Hakuna muzee hata mumoja wa hapa aliyeitwa kutoa neno lake. Tunawaomba walimu wa historia katika vyuo vyetu waeleze habari hii polepole, maana watoto wengi wanadhani mipaka iliwekwa na Mungu siku ya tatu, pamoja na bahari na inchi kavu.

Ngambo ile watu walikuja kulipa deni la mustari huu kwa namna yao. Mwaka 1962, Wakonjo waliochoka kuwekwa chini ya ufalme wa Toro walijitangaza kuwa Rwenzururu, nyuma ya Isaya Mukirane. Palikuwa mapigano ya miaka mingi katika mulima, na serkali ya Uganda haikutambua ufalme wao mpaka mwaka 2009. Wakati wa taabu zile wakimbizi walivuka Lubiriha kuja kwetu. Na wakati wa taabu zetu, sisi tulivuka kwenda kwao. Muto ni ule ule.

Sasa ondoka kwa daraja, pita duane, ingia sokoni. Utaona saruji, mafuta, nguo, masafuria, bidhaa zilizotoka bandari ya Mombasa na maduka ya Kampala. Na upande wa kwetu utaona mbao, kahawa, kakao, mihogo. Wengine wanasema kwamba wafanyabiashara wa Butembo walijifunza kazi yao kwa Wagiriki na Wahindi wakati wa Wabelgiji. Sisi hatukubali neno hilo. Biashara ya njia hii ni ya zamani kuliko franki ya kwanza, na muzigo wake wa kwanza ulikuwa chumvi.

Katwe ni ziwa dogo ndani ya shimo la mulima wa moto wa zamani, karibu na ziwa kubwa. Maji yake ni makali kwa chumvi. Jua likiyakausha, chumvi inabaki ya kuchukuliwa. Milima yetu ya Mitumba haina chumvi. Kwa hiyo watu wa huku juu walikuwa wakishuka na vyakula, wakivuka mbuga na kupanda mitumbwi, wakirudi na chumvi kichwani. Mwenye kushika Katwe alishika shingo ya inchi nzima. Wafalme walilijua hilo. Kabalega wa Bunyoro alituma askari wake kushika Katwe. Lugard aliwaondoa na kujiwekea boma, bila kuuliza zaidi kuliko wao. Katika vitabu vya Wazungu tunasoma mengi juu ya pembe za tembo katika inchi hizi. Pembe ilikuwa ya kwenda mbali. Chumvi ilikuwa ya chungu cha kila mama, na kwetu sisi hiyo njo historia iliyo kubwa zaidi.

Njia kubwa inayotoka sokoni kwenda Beni ina kilometri 80. Mwaka 2021 serkali za Kongo na Uganda zilipatana kuitia lami, pamoja na njia ya Beni-Butembo ya kilometri 54, na kazi zikafunguliwa mwezi wa Desemba mwaka ule. Watu walioijua njia ile katika matope ya mvua hawahitaji maelezo. Sehemu hii ya muji haina mambo mengi ya zamani; mbiombio tu, ila usisahau kwamba katika vita vya 1998 mpaka 2003 pesa ya duane ya Kasindi ililisha majeshi, na kwamba mwenye kukaa Beni na bunduki alikuwa akiutazama kwanza muji huu mudogo.

Kuna mahali pengine ambapo hatupendi musafiri apite akipiga picha. Jumapili, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa la Wapentekoste hapa Kasindi, watu wakiwa katika ibada. Walikufa watu zaidi ya kumi, na wengi walipata vidonda. Wakubwa wa jeshi walisema ni kazi ya ADF, lile kundi lililotoka Uganda na kujificha katika misitu yetu tangu miaka ya 1990. Miezi mitano nyuma ya pale, usiku wa tarehe 16 Juni, watu wa kundi lile walivuka na kushambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, ngambo ya pili, wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi katika malazi yao. Pande mbili za muto mumoja, katika nusu ya mwaka mumoja. Simama, vua kofia, omba. Marehemu hao ni wa kwetu, iwe walisali katika kanisa gani.

Kutoka hapa tunatafuta gari na kushuka upande wa kusini, kuelekea ziwa. Muji wa leo uko kaskazini kidogo ya Ikweta, na ziwa liko kusini yake. Basi katika safari hii fupi utavuka mustari unaogawanya dunia nzima mara mbili. Kule chini, karibu na mahali Lubiriha inapoingia katika maji, njo Kasindi ya ziwa, mahali pa mitumbwi.

Stanley alipita inchi hizi mwezi wa Juni 1889, akirudi na Emin Pasha. Aliliita ziwa Albert Edward, jina la mutoto mwanaume mukubwa wa Malkia wa Uingereza. Nyuma likafupishwa kuwa Edward. Mwaka 1973 likapewa jina la Idi Amin, mpaka yeye alipoanguka mwaka 1979. Wenyeji walikuwa na majina yao, kama Rwitanzige, na hawakusumbuka na karatasi hizo. Katika mustari murefu wa wapagazi wa Stanley walikuwamo watu wa Unguja waliosema Kiswahili. Watu wa Manyema, wawindaji wa pembe na wa watumwa, walikwisha kukileta katika misitu ya Ituri. Lugha hii tunayoandikia leo ilifika hapa kwa miguu ya watu wenye mizigo, na wengine wenye kamba shingoni. Ni vizuri kukumbuka hayo pia tunapoisifu.

Msafara mwingine ulitisha zaidi. Mwaka 1897 askari Batetela wa jeshi la Baron Dhanis waliasi wakiwa wanaelekea Nile, wakaua wakubwa wao, wakashuka kusini wakifuata bonde la Semliki. Padri Auguste Achte, wa Mapadri Weupe, aliyeanzisha misioni ya Virika katika Toro mwaka 1895, aliangukia mikononi mwao. Alidhani saa yake imefika. Lakini waasi walimwachilia: chuki yao ilikuwa juu ya maofisa waliowapiga fimbo. Yeye aliendelea na kazi yake mpaka alipokufa mwaka 1905.

Sasa angalia mbuga pande zote. Nyasi, miti ya miiba, hakuna nyumba. Musafiri anasema: tazama inchi tupu! Hapa tunamuomba asimame zaidi kuliko mahali pengine pote, maana neno hili "tupu" limefanya kazi kubwa.

Mbuga hii haikuwa tupu. Kando ya ziwa na kando ya Semliki palikuwa vijiji vya wavuvi, wachungaji na watu wa chumvi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ukaingia ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na mbungo. Watu walilala na kufa kijiji kwa kijiji. Serkali za pande zote mbili za mupaka ziliwahamisha waliobaki na kuwakataza kurudi, kusudi mbungo akose damu ya watu. Kama dawa ya wakati ule, hatuwezi kuwalaumu bure. Hawakuwa na dawa nyingine yenye nguvu. Wengi walipanda milimani, ambako wandugu zao walikwisha kubanana.

Kiisha ikaja sheria ya pili. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Parki Albert kwa kulinda wanyama, kwanza upande wa milima ya moto. Mpaka mwaka 1935 walikuwa wameiongeza mpaka ziwa na bonde la Semliki. Waliandika kwamba sehemu nyingi hazina watu. Ni kweli, siku ile hazikuwa na watu. Lakini nani aliyewatoa, na walikuwa wameambiwa kwamba hawatarudi tena? Ugonjwa ulipopungua, muzee aliyerudi kuangalia kaburi la baba yake alikuta mulinzi. Kuanzia pale mpaka leo mashitaka juu ya ardhi kati ya wenyeji na Parki hayajaisha, na vikundi vya silaha vinajua kuyatumia.

Hatusemi kwamba Parki ni kitu kibaya. Tangu 1969 inaitwa Virunga, na tangu 1979 iko katika orodha ya UNESCO ya mali ya dunia yote. Walinzi wengi sana wamekufa wakiilinda, na hao ni wana wa inchi hii. Tena mufano wa viboko unatufundisha. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa karibu 30,000 kandokando ya ziwa hili na mito yake. Vita na njaa ya askari viliwamaliza, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika 2,000. Na wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi walikuwa wa kwanza kulia: mavi ya kiboko njo chakula cha maji, na maji yenye njaa hayatoi samaki wengi. Kwa hiyo anayetaka Parki ifutwe anapashwa kumuuliza muvuvi. Na anayetaka wenyeji wanyamaze anapashwa kusoma ginsi mbuga ilivyopata kuwa tupu.

Mahali pa mwisho ni Ishango, magharibi, ambapo Semliki inatoka katika ziwa na kuanza safari yake kwenda Ziwa Albert, na kutoka pale kwenda Nile na Misri. Ni ndani ya Parki. Huendi bila walinzi. Juu ya ukingo wa muto Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Alikuta vyombo vya mawe, mifupa ya watu na ya samaki, ncha za mikuki ya kuvulia zilizochongwa kwa mfupa. Na alikuta mfupa mumoja mudogo, urefu wa sentimetri 10 hivi, wenye kipande cha jiwe kikali kwenye ncha, na alama zilizokatwa kwa mistari mitatu. Ukihesabu alama za mistari miwili ya pembeni unapata 60 kila mumoja. Wa katikati 48. Wataalamu wanabishana: wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni alama za kushikia tu kusudi mukono usiteleze. Zamani walidhani mfupa una miaka chini ya 10,000. Sasa wanakubali karibu 20,000. Na katika miaka ya 1980, huko Katanda, mbele kidogo katika Semliki ile ile, wachimbaji wengine walipata mikuki ya mifupa iliyo ya zamani zaidi mara nyingi, miaka inayokaribia 90,000.

Huko Ulaya, wakati ule, hapakuwa Brugge. Lakini hutauona mfupa wa Ishango pale Ishango. Uko Bruxelles, ndani ya nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe, nyuma ya kioo. Fratri atakayetumwa Ubelgiji mwaka ujao anaweza kuufikia kwa miguu, karatasi mkononi, na tungependa atuandikie namba waliyoupa.